Neno Lililozunguka Isangala

Neno lako likizunguka mji, hurudi likibisha hodi.

Asubuhi mmelisikia bombani, wanangu, mama mmoja akimwambia mwenzake, nanyi mmerudi mnacheka na kuniuliza ni neno gani hilo lenye miguu ya kuzunguka mji na mkono wa kubisha hodi. Kaeni. Wewe endelea kumenya hizo ndizi, na wewe chochea moto, masikio hayana kazi nyingine. Msidhani usemi huu ni wa mababu. Ulizaliwa hapa hapa Isangala, siku ya mvua, kwenye banda la kupimia majani ya chai, na aliyeuzaa hakuwa mtu wa busara hata kidogo. Ulizaliwa hivi.

Kulikuwa na uvumi uliomwingia mama mmoja ukakataa kutoka. Mama huyo aliitwa Tusekile. Alikuwa na mashine ya kufumia masweta ya shule, na kwa baridi ya huku kwetu hakukosa kazi. Watoto wa Isangala wote walikuwa wakivaa kazi ya mkono wake.

Tusekile alikuwa ameachana na mumewe, Ambakisye, seremala wa ng'ambo ya mto. Hawakutoana damu. Walichokana tu, maneno mazuri yakawaishia, kila mmoja akashika njia yake. Kilichobaki kati yao ni binti mmoja, Bupe, wa darasa la tatu, mwenye pengo la meno ya mbele na maswali yasiyokwisha. Hakimu wa mahakama ya mwanzo aliamuru mtoto akae na mama yake, na kila Ijumaa akitoka shule aende kwa baba yake mpaka Jumapili jioni. Afisa wa ustawi wa jamii akawakalisha wote wawili akawaeleza kwa lugha nyepesi.

"Hiyo ni amri, siyo ombi," aliwaambia. "Na mtoto siyo mbuzi wa mnadani, kwamba anayevuta kwa nguvu ndiye mwenye kamba."

Wakakubali. Mambo yakaenda vizuri. Mwanzoni Ambakisye alikuwa akija kumfuata mtoto nyumbani kwa mama yake, halafu wakapatana awe anamchukua pale pale shuleni, maana shule iko kwenye njia ya kwenda kwake. Jumapili jioni Bupe anarudi na vumbi la mbao kichwani na hadithi za randa na misumari. Tusekile anamkung'uta, anamwogesha, anacheka. Hata majirani walisema, hawa wameachana vizuri kuliko wengine walivyooana.

Sasa, hapa mjini alikuwapo mama mwingine, Subilaga, muuza maparachichi. Beseni lake alilipitisha nyumba kwa nyumba, na kila alipouza parachichi alitoa habari moja bure. Jumatano moja akaja kwa Tusekile kuchukua sweta la mwanawe. Akatua beseni, akashika kiuno, akamtazama Tusekile kwa huruma kama anatazama mfiwa.

"Mama Bupe, pole."

"Pole ya nini?"

"Aa, basi. Kama hujui, mimi siyo wa kukwambia."

Mtu akisema hivyo, wanangu, jueni ameshaamua kusema.

"Subilaga, usinifanyie hivyo. Sema."

"Si mtoto jamani. Si baba yake anamchukua jumla? Nasikia anampeleka Mpanda, mbali kule, kwa yule kaka yake. Mji mzima unajua. Mimi nilidhani mmeelewana."

Akachukua sweta lake, akajitwisha beseni, akaenda zake. Alimwachia Tusekile parachichi moja na ule uvumi. Parachichi lilioza dirishani bila kuliwa. Uvumi haukuoza. Jioni ile Tusekile alifuma sweta la mtoto wa watu likatoka mkono mmoja mrefu kuliko mwingine.

Mngemuuliza, kwa nini usivuke mto ukamuulize mwenyewe? Si mbali, ugali hauwezi kupoa kabla hujarudi. Lakini hofu ina akili zake. Tusekile alijiambia, nikimuuliza atakataa, na nikishamuuliza atajua kwamba najua, atafanya haraka. Kwa hiyo hakuuliza. Akaanza kutazama. Na mtu mwenye hofu akitazama, hakosi kuona.

Bupe alirudi na viatu vipya alivyonunuliwa na baba yake. Tusekile akasema moyoni: viatu vya safari. Bupe akasimulia kwamba baba anamchongea kitanda chake mwenyewe, chenye ua kichwani. Tusekile akasema moyoni: kitanda cha Mpanda. Bupe akasema baba amemfundisha kusoma futi ya kupimia mbao. Tusekile hakujua hiyo aiweke wapi, lakini akaiweka Mpanda vilevile.

Ijumaa iliyofuata alifika shuleni kabla ya kengele, akamwambia mwalimu bibi yake Bupe anaumwa, akamchukua mtoto. Ambakisye alipofika akakuta uwanja mtupu. Ijumaa ya baada ya hapo alimfungia ndani. Ambakisye akaja mpaka mlangoni, akaambiwa mtoto ana homa kali hawezi hata kuinua shingo. Kwa bahati mbaya huyo mwenye homa alikuwa chumbani anaimba wimbo wa kuruka kamba, kwa sauti. Ijumaa ya tatu alimpeleka mapema kwa mama yake mdogo mlimani, na Ambakisye alipogonga alikuta kufuli.

Ambakisye naye alikuwa binadamu. Kesho yake, mama na mtoto wamesharudi kutoka mlimani, alikuja tena akakuta mlango umefungwa kwa ndani, akapandwa na hasira, akasimama dirishani akapiga kelele mtaa mzima usikie. "Wewe mwanamke umechanganyikiwa! Bupe! Bupe mwanangu, unamwona mama yako anavyonionea? Mwambie akufungulie! Mwambie ana roho mbaya!"

Bupe alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, baba nje anapiga kelele na mama ndani anasema usimjibu. Mtoto wa miaka minane ana mikono miwili tu. Aliziba masikio yote mawili, kwa hiyo hakubaki na mkono wa kufuta machozi.

Lakini kosa kubwa halikuwa kufuli wala kelele. Kosa kubwa lilikuwa lile la jioni. Kila jioni Tusekile alimkalisha mwanawe katikati ya magoti amsuke, na wakati anasuka alimwambia polepole, kwa sauti ya upendo kabisa: "Baba yako akikuita usiende. Akikupa kitu usipokee. Anataka kukuchukua moja kwa moja, hutaniona tena. Umesikia, mama?"

"Nimesikia, mama."

Neno la mama linaloingia wakati wa kusukwa haliishii sikioni, wanangu. Linasukwa humo humo pamoja na nywele.

Bupe akaanza kubadilika. Vile viatu vipya akavivua akaviweka uvunguni, akawa anakwenda shule na ndala matopeni. Maswali yake yakapungua, halafu yakaisha. Mwanzoni Tusekile alifurahi, akasema mtoto wangu ameelewa, ana akili. Mpaka jioni moja, ametulia kati ya magoti yake, Bupe akauliza swali la kwanza kwa siku nyingi.

"Mama, na mimi siku nikikosea, utanifungia mlango kama baba?"

Tusekile aliacha kusuka. Akasema tu, "Kaa sawa, unachezesha kichwa." Lakini swali lile lilimkaa kifuani.

Ikaja Ijumaa nyingine. Ambakisye alikuwa ameshakwenda kwa yule afisa wa ustawi kulalamika kwamba amri ya hakimu inavunjwa, akaambiwa Jumatatu wataitwa wote wawili. Angeweza kusubiri. Hakuweza. Akasema ngoja nikasimame tu langoni, nimwone mwanangu anatoka, hata kama sitamgusa.

Mvua ilikuwa imeshika tangu saa nane. Kengele ikalia, watoto wakatoka mbio wamejifunika mifuko vichwani. Bupe akatoka. Akainua macho, akamwona baba yake amesimama langoni na mwavuli.

Ambakisye alitabasamu. Akanyoosha mkono. Na mtoto wake wa kumzaa akapiga yowe kama aliyeona chui, akatupa begi, akageuka, akapenya ua wa nyuma wa shule akapotelea kwenye mashamba ya chai.

Ambakisye alikimbia hatua chache, akasimama. Aibu ilimshika miguu. Walimu wanatazama, wazazi wanatazama. Akajisemea, anakimbilia kwa mama yake, nikimfukuza nitamtisha zaidi. Akakunja mwavuli wake, mvua ikamnyeshea, akashika njia ndefu ya kurudi kwake, ile ya kuzungukia stendi, polepole kama mtu mzee.

Tusekile alikuwa amechelewa kwa sababu ya mvua. Alipofika shuleni akakuta begi la Bupe liko matopeni, na mwanafunzi mmoja akamwambia, "Baba yake alikuwa hapa." Hakusubiri neno la pili.

"Amemchukua! Jamani amemchukua! Mpanda!"

Akakimbia na begi mkononi mpaka stendi. Basi lilikuwa linataka kuondoka. Akasimama mbele yake, akapiga bodi kwa makofi, akaingia ndani akaanza kuinamia viti vyote. Abiria wakavuta miguu na kuku wao.

"Mama, unatafuta nini?" utingo akauliza.

"Mwanangu anapelekwa Mpanda!"

"Mpanda? Mama, basi hili linakwenda Kyela."

Akashuka. Na hapo hapo, njiani, anamwona Ambakisye anakuja peke yake, ameloa mpaka ndani.

"Mtoto yuko wapi?" Tusekile akamkaba shati. "Umemficha wapi mwanangu?"

"Unaniuliza mimi? Si amekimbilia kwako?"

"Kwangu hayupo!"

"Hayupo?"

"Hayupo! Nimetoka nyumbani sasa hivi, hayupo!"

Wakatazamana. Mkono wa Tusekile ukaachia shati. Kila mmoja alikuwa ameshaandaa maneno ya kumchoma mwenzake, maneno ya wiki nzima, na yote yakafa mdomoni. Kule juu mvua ilikuwa inazidi, na mtoni maji yalikuwa yamepanda.

"Alipenya nyuma ya shule," Ambakisye akasema. "Kwenye chai."

"Twende."

Wakakimbia. Hawakuulizana nani ana kosa. Mmoja anaita upande huu wa mistari ya chai, mwingine upande ule. "Bupe! Bupe we!" Miti ya chai inafika kiunoni kwa mtu mzima, lakini mtoto akijikunyata chini yake humwoni hata ukimpita karibu. Tusekile aliteleza akaanguka, Ambakisye akamwinua, wakaendelea. Kuna mahali Tusekile aliona kitu chekundu akalia kwa furaha, kumbe ni kitambaa cha mchumaji kimesahauliwa.

Ndipo wakasikia mtu anapiga kelele kutoka banda la kupimia chai. "Mama Bupe! Huku! Yuko huku, mzima!"

Aliyeita alikuwa Mama Ipyana, jirani yake Tusekile, mchumaji wa chai. Wachumaji walikuwa wamejibana bandani wakisubiri mvua ikatike, na yeye ndiye aliyemkuta Bupe nyuma ya vikapu, meno yanagongana, akamvika gunia kavu na kumpa ndizi ya kuchoma. Na kwa kuwa mvua haichagui mtu, Subilaga naye alikuwa mle bandani, amekaa juu ya beseni lake lililogeuzwa, anasimulia habari za watu.

Tusekile akaingia akamkumbatia mwanawe. Ambakisye akaingia nyuma yake. Bupe alipomwona tu akajificha ndani ya khanga ya Mama Ipyana.

Ambakisye hakusogea. Alichuchumaa pale pale mlangoni, maji yanamtiririka.

"Bupe. Mimi nimekukosea nini, mwanangu?"

Sauti ikatoka ndani ya khanga. "Utanichukua moja kwa moja."

"Nani kasema?"

"Mama."

Ambakisye akamgeukia Tusekile. Wala hakuwa na hasira, alikuwa na mshangao. "Moja kwa moja? Sasa si ndivyo tulivyopatana? Kwamba nimchukue shuleni moja kwa moja, asipitie nyumbani, usisumbuke kumwandaa?"

"Usijifanye," Tusekile akasema. "Mimi nazungumzia Mpanda."

"Mpanda gani?"

"Kwa kaka yako!"

"Kaka yangu alihama Mpanda tangu mwaka juzi! Yuko Kyela analima mpunga. Mpanda nimfuate nani?"

Tusekile akazungusha macho bandani, na macho yake yakamkuta Subilaga, ambaye kwa wakati huo alikuwa ameshasimama na anaweka kata kichwani ajitwishe beseni.

"Unakwenda wapi, dada?" Mama Ipyana akamuuliza. "Mvua haijakatika. Kaa bwana, tuelezane."

"Mimi sina la kueleza. Nilimwambia nilichosikia."

"Ulisikia kwa nani?"

"Kwako wewe!"

"Kwangu?" Mama Ipyana akashika kifua. "Mimi? Nilisemaje?"

"Ulisema baba yake Bupe anamchukua mtoto moja kwa moja. Kataa sasa, mbele ya watu."

"Sikatai. Moja kwa moja nilisema. Lakini jumla sikusema. Na hiyo Mpanda aliisema nani?"

Subilaga akatazama chini. "Mpanda niliitia mimi," akasema. "Kidogo tu. Habari kavu haimezeki."

Wachumaji wakacheka mpaka mmoja akaangusha kikapu. Ambakisye peke yake hakucheka. Akamuuliza Mama Ipyana kwa heshima, "Na wewe mama, ulilitoa wapi?"

Mama Ipyana alimtazama Tusekile kama mtu anayeombwa amchome mwiba mwenzake ili amtoe mwingine.

"Kwako, Mama Bupe," akasema. "Bombani, ile siku maji yalikuwa yanatoka kidogo kidogo. Ulikuwa umefurahi. Ulisema, 'Siku hizi Baba Bupe anamchukua mtoto moja kwa moja, hata kupiga pasi zile nguo za Ijumaa nimepumzika.' Tukacheka. Basi. Mimi nikamwambia Subilaga kwamba mwenzetu kapumzika pasi."

Tusekile akalikumbuka. Aliliona lile bomba, akaiona ndoo yake ya kijani, akaisikia sauti yake mwenyewe inacheka. Neno lilikuwa lake. Lilitoka kinywani mwake likiwa jema, maana yake kutoka shuleni bila kupitia nyumbani. Likashuka na beseni la Subilaga, likapita sokoni, likaenda kanisani, likawa la kutorudi tena. Lilipomrudia lilikuwa limeshavaa nguo nyingine, hakulijua.

Subilaga alipoona macho ya watu yametoka kwake yamehamia kwa mwenzake, akapata nguvu. Akatua beseni tena.

"Haya! Mnanitolea macho ya nini, mmeona? Neno ni lake mwenyewe! Limezunguka mji, limerudi likabisha hodi, naye badala ya kulitambua akalikaribisha ndani, akalipa na kiti!"

Banda likalipuka kwa kicheko. Hata Ambakisye safari hii alicheka. Na Tusekile, aliyekuwa analia, akajikuta analia na kucheka pamoja, kamasi na machozi na mvua havijulikani kipi ni kipi. Hivyo ndivyo usemi ulivyozaliwa, wanangu. Mbea alikuwa anajitetea tu.

Bupe hakucheka. Alitoa kichwa kwenye khanga. "Kwa hiyo, baba, hunichukui?"

"Nakuchukua Ijumaa, nakurudisha Jumapili. Kama siku zote."

"Na Mpanda?"

"Mpanda mimi sijawahi hata kufika."

Bupe akafikiri. "Hata mimi," akasema.

Tusekile akapiga magoti pale kwenye majani ya chai yaliyomwagika, mbele ya watu wote, akamshika mwanawe mabega. "Bupe, nisikilize. Lile neno nililokuwa nakwambia nikikusuka, halikuwa kweli. Niliogopa, nikakuogopesha na wewe. Baba yako hajakukosea kitu." Haikuwa rahisi. Kuna mama mmoja pale aligeuza uso kwa kumwonea haya.

"Na mimi," Ambakisye akasema kutoka mlangoni, "nilisema mama yako ana roho mbaya. Hana. Nilikuwa na hasira."

Mvua ilipopungua, Ambakisye akasema, "Leo alale kwako, ameloa."

"Hapana," Tusekile akajibu. "Leo ni Ijumaa. Tumpeleke wote mpaka darajani, nguo kavu nitazileta."

Wakatembea watatu, Bupe katikati, mkono mmoja kwa mama na mwingine kwa baba ila huo wa baba aliushika kwa vidole viwili tu. Darajani akasimama muda mrefu. Hakuna aliyemvuta. Halafu akauliza kama kile kitanda kilishawekwa ua kichwani, akaambiwa ua bado linamsubiri achague rangi, akavuka.

Jumatatu walikwenda kwa afisa wa ustawi wa jamii. Walidhani kwa kuwa wamepatana watapewa pongezi na chai. Wapi.

"Mama, unajua hakimu angeambiwa zile Ijumaa ulizomficha mtoto, angeweza kuigeuza amri, mtoto akakae kwa baba?" afisa alimwambia. "Ungempoteza kwa kuogopa kumpoteza. Hofu haikupi ruhusa ya kuvunja amri. Ukiwa na hofu ya kweli, mlango wangu uko wazi, njoo useme, tutachunguza. Ndiyo kazi yangu."

Tusekile akasema, "Nimesikia, mama."

"Na wewe, baba, usichekelee. Aliyekupa ruhusa ya kumtukana mama wa mtoto dirishani, mtoto anasikia, ni nani? Unadhani lile limemjenga?"

Ambakisye akasema naye amesikia. Wakapatana pale kwamba habari yoyote ya Bupe, kabla ya kuiamini, wataulizana wao wawili kwanza, hata kama ni usiku, hata kama wamenuniana.

Sitawadanganya kwamba mtoto alipona siku ile ile. Neno lililosukwa halifumuki kwa mara moja. Kwa baba yake, siku za mwanzo Bupe alilala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Ambakisye hakumvua. Alimwachia taa na kumwambia mlango haujafungwa. Ikapita wiki, ikapita nyingine, mtoto akaanza kulala na soksi, halafu miguu mitupu. Mahindi yalipokomaa maswali yalikuwa yamerudi yote, pamoja na ya nyongeza. Alikuwa akibishana na mama yake kwamba kitanda cha kwa baba ni kizuri zaidi, na kwa baba akibishana kwamba chai ya mama ina maziwa mengi. Wote wawili walisikia raha kubishiwa hivyo.

Subilaga aliendelea kuuza maparachichi, na habari vilevile. Lakini kila alipotua beseni watu walimuuliza, "Hii ina Mpanda au haina Mpanda?" Mwenyewe akicheka alisema, "Hii ina Mpanda kidogo."

Na bombani, mtu akija analia kwamba kasikia hiki na kile, akina mama walimwambia neno lile la bandani, bila kiti na bila karibu, limefupishwa kama mlivyolisikia leo. Sasa mnajua lina miguu ya nani na mkono wa nani.

Basi ninyi mtaolewa na mtaoa, na Mungu awasaidie mdumu. Lakini ikitokea mmeachana, haya muyaepuke:

Usimzuie mtoto siku ya mzazi mwenzako kwa habari ya kusikia.

Usiseme mtoto anaumwa wakati haumwi. Ataimba.

Usimtie mtoto hofu ya baba yake wala ya mama yake. Hasa ukiwa unamsuka, unamwogesha au unamlisha, maana hapo anaamini kila kitu.

Usimtukane mwenzako mlangoni wala dirishani, hata kama umeonewa kweli.

Usimpe mtoto ujumbe wa kubeba kati yenu.

Amri ya hakimu usiivunje kwa siri. Kama kuna hatari ya kweli, usinyamaze, nenda kaseme panapohusika siku hiyo hiyo.

Usitie Mpanda kwenye habari za watu.

Na habari mbaya ikija mlangoni kwako, usiipe kiti kabla hujaiuliza ilitoka nyumba gani. Neno lako likizunguka mji, hurudi likibisha hodi.